Sindano Haimuui Mtoto wa Degedege

"Degedege si ugonjwa wa hospitali. Akichomwa sindano tu, amekwisha." Maneno haya bado yanasemwa Bagamoyo, Mkuranga, Muheza na pembezoni mwa Dar es Salaam. Yanasemwa kwa uhakika, na watu wazima wanaoheshimika, mbele ya mama kijana aliyempakata mtoto ambaye macho yamegeuka na meno yamekazana. Yanasemwa kwa upendo pia, kwa kuwa bibi anayeyatamka hataki mjukuu wake afe. Lakini upendo wake hauyafanyi kuwa kweli. Ni imani ya uongo na inaua watoto. Sisi tunaolijua hilo tumenyamaza mno kwa kuogopa kuonekana tunawadharau wazee.

Niieleze imani yenyewe kama wenyewe wanavyoieleza. Degedege, wanasema, huletwa na shetani, au na dege anayepita usiku kivuli chake kikamwangukia mtoto. Dawa yake basi ni kumfukiza kwa moshi wa kinyesi cha tembo, kumwogesha dawa za majani, kumkojolea. Hali ikishatulia, na kama homa bado ipo, ndipo apelekwe zahanati. Watafiti waliofanya kazi Bagamoyo miaka ya 1990 waliyaandika haya, na mwanaanthropolojia Vinay Kamat aliyakuta kwa Wazaramo wa pembezoni mwa Dar es Salaam. Mimi sigombani na dege. Mtu na aamini kivuli chake apendavyo. Ninachokipinga ni utaratibu unaozaliwa na imani hiyo: mganga kwanza, hospitali baadaye. Utaratibu huo ndio unaojaza makaburi madogo.

Kwa nini imani hii haifi, miaka yote hii ya zahanati na matangazo ya redio? Kwa sababu kila mwaka watu wanaona kwa macho yao mambo yanayoonekana kuithibitisha.

Chini ya jina moja la degedege wamo watoto wa aina mbili. Wa kwanza ana kati ya miezi 6 na miaka 5, homa imempanda ghafla, na ubongo wake mchanga haujastahimili joto hilo. Hukakamaa, hutetemeka, hugeuza macho, na mara nyingi kabla ya dakika 5 hutulia mwenyewe. Hulala kidogo, kisha huamka akitafuta ziwa. Huyu angetulia hata asingeguswa na mtu. Akiwa amefukizwa, sifa zote zitakwenda kwa moshi.

Wa pili ana malaria iliyokwisha kupanda kichwani, au ana homa ya uti wa mgongo. Degedege lake linarudi na kurudi, na katikati yake hazinduki. Huyu naye huanzia kwa mganga. Anafukizwa, anaogeshwa, usiku unapita, na kesho yake mganga anasema yeye amemaliza sehemu yake, mpelekeni hospitali. Mtoto anafika amelegea, anahema kwa taabu, damu imemwishia na sukari imeshuka. Nesi anahangaika kutafuta mshipa, anaupata, anachoma sindano, na kabla ya saa kupita mtoto anakata roho. Ndugu waliosimama mlangoni wameona sindano, kisha wakaona kifo. Wanarudi kijijini na habari hiyo, na hakuna atakayeweza kuwabishia, maana walikuwapo.

Hivyo ndivyo mganga anavyosifiwa kwa watoto ambao wangepona wenyewe, na hospitali inavyolaumiwa kwa watoto iliyoletewa wakiwa ukingoni. Kutangulia si kusababisha. Sindano ilitangulia kifo kwa saa moja. Kuchelewa kulikitangulia kwa usiku mzima, ila usiku huo hautajwi msibani, kwa sababu kila aliyekuwapo alishiriki kuupoteza.

Atasema mtu: basi aina ya kwanza tuwaache nyumbani, ya pili tuwapeleke. Haiwezekani. Hakuna jicho la bibi, la mganga wala la daktari bingwa linaloweza kumtazama mtoto anayetetemeka likajua ni wa aina gani. Kinachowatenganisha ni tone la damu kwenye kipimo cha malaria, kipimo cha sukari, uchunguzi wa mtu aliyesomea, na wakati mwingine maji yanayochukuliwa kwenye uti wa mgongo. Kwa mganga hayo hayapo. Ndiyo maana hata yule aliyetulia mwenyewe ni lazima apelekwe, siku hiyohiyo, bila kusubiri kuche.

Malaria kali haina subira. Kimelea chake hatari zaidi, falsiparamu, hukaa ndani ya chembe nyekundu za damu na kuzifanya zinate kwenye kuta za mishipa midogo, ikiwamo ya ubongo. Damu haipiti inavyotakiwa. Chembe hupasuka kwa wingi na mtoto anapauka. Sukari hushuka, na kushuka kwa sukari peke yake kunatosha kuleta degedege na kuua. Kila tatizo kati ya hayo lina jibu lake hospitalini: glukosi kwenye mshipa, damu ya kuongezewa, oksijeni, dawa ya kuzuia degedege na dawa ya kuua vimelea. Moshi hauna jibu hata moja, na mtoto anayehema kwa shida unamzidishia shida. Bila tiba, malaria kali karibu kila mara huishia kwenye kifo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2023 malaria iliua watu 597,000, karibu wote Afrika, na takriban robo tatu ya waliokufa Afrika walikuwa watoto wa chini ya miaka 5.

Sasa tuizungumze sindano yenyewe, maana ndiyo inayoshtakiwa. Mwaka 2010 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa uliofanyika katika nchi 9 za Afrika, Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Kongo zikiwamo. Walishiriki watoto 5,425 wenye malaria kali, na miongoni mwa hospitali zilizowapokea ilikuwamo ya Muheza, mkoani Tanga, pwani hiihii inayosema sindano inaua. Nusu walipewa sindano ya kwinini iliyokuwa ikitumika miaka yote, nusu wakapewa sindano ya atesuneti. Kwa kwinini walikufa karibu 11 katika kila 100. Kwa atesuneti walikufa 8 au 9. Nani aliyewaua hao 8 au 9? Malaria. Na waliobaki, zaidi ya 91 katika kila 100, watoto waliokuwa mahututi, waliishi kwa sababu walichomwa ile sindano inayodaiwa kuwa hukumu ya kifo. Baada ya matokeo hayo Shirika la Afya Duniani lilielekeza watoto wenye malaria kali wapewe atesuneti.

Wako watakaojibu kuwa hospitali nayo hukosea. Ni kweli. Mwaka 2011 ulichapishwa utafiti mwingine, wa Kenya, Uganda na Tanzania, juu ya watoto zaidi ya 3,000 waliofika na homa kali na mzunguko dhaifu wa damu. Kwa miaka mingi madaktari duniani walikuwa wakiamini kuwa mtoto wa namna hiyo amiminiwe maji mengi ya dripu kwa haraka. Ikaonekana kwamba katika watoto hao waliomiminiwa walikufa zaidi kuliko wasiomiminiwa: kati ya 10 na 11 katika kila 100, dhidi ya 7. Madaktari walihesabu, wakaona kosa, wakalitangaza mbele ya dunia nzima. Hiyo ndiyo tofauti ninayotaka msomaji aishike. Hospitali huandika majina ya waliofariki mikononi mwake na kujiuliza kwa nini. Moshi wa kinyesi cha tembo haujawahi kuhesabiwa waliokufa baada yake, kwa hiyo haujawahi kujirekebisha.

Hata hivyo sitamwachia mama mzigo huu peke yake, maana hoja nzito kuliko zote dhidi ya hospitali haihusu shetani wala sindano. Inahusu njia, pesa na maneno ya kufokewa. Mganga yuko nyumba ya tatu, anafungua mlango saa nane za usiku, anakubali kulipwa kidogokidogo, na anamwita mama "mwanangu". Zahanati iko mbali, huenda imefungwa, bodaboda wa usiku anataka fedha taslimu, na dirishani mama anapokelewa kwa swali la "Ulikuwa wapi siku zote?" Watu hukimbilia wanakosikilizwa. Nesi anayemfokea mama aliyechelewa anamfundisha achelewe zaidi safari ijayo, na majirani wanaosikia kisa hicho wanachelewa pamoja naye.

Kwa hiyo serikali nayo ina deni. Sera inasema mtoto wa chini ya miaka 5 anatibiwa bure katika vituo vya umma. Sera hiyo haina maana kwa mama anayeandikiwa dawa akanunue mtaani. Tunao mfumo wa m-mama, ambapo kwa kupiga namba 115 bila malipo mjamzito, mama aliyejifungua au mtoto mchanga mwenye dharura hutafutiwa usafiri. Ni jambo jema sana. Linapaswa kupanuliwa limfikie mtoto yeyote wa chini ya miaka 5 aliyezidiwa, kwa sababu mtoto wa miaka miwili anayepata degedege usiku wa manane kijijini ana dharura sawa na ya mjamzito anayevuja damu. Na ipo dawa ya atesuneti ya kuwekwa kwenye njia ya haja kubwa, anayoweza kupewa mtoto wa chini ya miaka 6 mahali pasipo na sindano. Utafiti wa Tanzania, Ghana na Bangladesh uliochapishwa 2009 ulionyesha kuwa kwa wagonjwa waliochukua zaidi ya saa 6 kufika hospitali, dawa hiyo ilipunguza vifo na ulemavu wa kudumu kwa karibu nusu. Lakini ni dawa ya safarini. Anayempa mtoto kisha akamrudisha nyumbani amemhadaa mama.

Umbali na umaskini, hata hivyo, havielezi kila kitu. Ziko familia zinazoishi hatua chache kutoka kituo cha afya, na bado usiku unapita. Hapo kinachomzuia mtoto ni kikao. Mama anataka kwenda. Anaambiwa asubiri baba mtoto arudi. Baba anasema aulizwe babu. Shangazi anasema jirani alipompeleka wa kwake alirudi na maiti. Mama akisisitiza, anaitwa mjeuri asiyesikia la mkuu, na anatishwa kuwa mtoto akifia hospitali damu yake itakuwa juu yake. Anakumbushwa kuwa subira huvuta heri. Subira ni ya kutafuta riziki na ya kukaa na watu. Kwa mtoto aliyepoteza fahamu, subira ni kumwacha afe.

Nasema wazi: mwanamke aliyempakata mtoto mwenye degedege hahitaji ruhusa ya mtu. Si ya mume, si ya mama mkwe, si ya mzee wa ukoo. Baba anayetaka kuheshimiwa na aitoe ruhusa hiyo leo, mtoto akiwa mzima, aitamke mbele ya nduguze wote: "Mtoto akizidiwa, nenda. Usinisubiri." Na fedha ya bodaboda iwekwe pembeni mahali ambapo mama anaijua.

Kwa waganga wa jadi nina ombi, na si la matusi. Mwaka 2006 watafiti waliochapisha kazi yao kuhusu waganga wa Kilosa na Handeni waliwaona ni watu ambao hospitali inapaswa kushirikiana nao katika kuokoa watoto wenye malaria kali. Mnaaminiwa kuliko daktari. Neno lenu linaweza kufanya kwa dakika moja kazi ambayo mabango ya wizara yameshindwa kuifanya kwa miaka mingi. Mtoto wa degedege akiletwa kwenu, msimguse. Semeni: "Huyu ni wa hospitali, mpelekeni sasa hivi." Mganga anayesema hivyo nitamheshimu. Anayempokea, akamfukiza hadi alfajiri, akachukua na fedha ya nauli, huyo anashiriki kumuua mtoto, na mila haimwondolei lawama.

Na wewe unayesoma, yashike haya na uyafikishe kwa asiyesoma. Mtoto akipata degedege mlaze ubavu, mwondolee vitu vinavyoweza kumuumiza, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimnyweshe chochote mpaka azinduke. Kisha ondoka naye. Dalili za hatari ni nne: amepata degedege, amelegea mno au amepoteza fahamu, hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila anachopewa. Moja tu inatosha. Usingoje ya pili, usingoje asubuhi, usingoje kikao. Ukisikia mtu anasema sindano inamuua mwenye degedege, mkatalie palepale, hata akiwa mama yako mzazi. Mkatalie kwa adabu, lakini mtoto awe tayari yuko mgongoni mwako na safari imeanza.