Uwanja wa ndege unaanzia mlangoni kwako, si kwenye vioo

Sehemu ya 1

Wiki iliyopita tuliongea homa za watoto, leo nahamia kitu kingine. Najua kuna mtu ataniambia, "Nesi, rudi wodini." Narudi, zamu yangu ni ya usiku. Lakini hili limenikaa kooni muda mrefu, acha niliseme.

Kila tukitangaziwa uwanja wa ndege umepanuliwa, tunaonyeshwa jengo: vioo, sakafu inayong'aa, ngazi za umeme, halafu tunatajiwa mamilioni ya abiria. Tunapiga makofi, na mimi napiga pia, sina ugomvi na jengo zuri. Ugomvi wangu ni mmoja. Safari ya mama mwenye mtoto mchanga haianzii kwenye kile kioo. Inaanzia nyumbani kwake Chanika au Mbagala, saa tisa usiku, mtoto mgongoni, begi mkononi, na haijui itafikaje. Uwanja ambao haujaifikiria safari hiyo haujawa wa kisasa. Umekuwa mpya tu, na hivyo ni vitu viwili tofauti.

Sehemu ya 2

Nitawapa kisa kimoja. Mama mwenyewe ameniruhusu kusimulia, jina lake nalihifadhi. Uwanja wenyewe siutaji.

Nilitumwa kusindikiza rufaa. Mtoto wa miezi saba, moyo una tundu, anatakiwa kwa madaktari bingwa. Kwa basi ingekuwa siku nzima barabarani na mtoto asingeiweza, kwa hiyo ukoo mzima ulichanga nauli ya ndege. Kuna mjomba aliuza mbuzi.

Sasa nisikilizeni kama nesi. Mtoto mwenye shida ya moyo hanyonyi kama wa kwako. Wako ananyonya dakika kumi, kumi na tano, analala. Huyu anavuta mara tatu, anaacha, anahema. Jasho linamtoka kwenye paji la uso kama mtu mzima anayelima. Anapumzika, anaanza tena. Kumnyonyesha kunaweza kuchukua dakika arobaini, na akikosa hizo dakika anaishiwa nguvu. Kiti cha kuegemea, sehemu tulivu na maji ya kunawa kwake si anasa. Ni sehemu ya matibabu.

Tulichokuta pale ni viti vya chuma vilivyojaa watu. Mama akakaa chini, ukutani, karibu na mlango wa choo, nikamkinga kwa khanga yangu. Mlinzi akaja kutuambia tunazuia njia. Nikamwonyesha barua ya rufaa na yeye mwenyewe akaona aibu, maskini. Hakuwa na pa kutupeleka.

Kushuka ndege tulikoenda, gari la wagonjwa lilichelewa. Dereva wa kwanza wa teksi akataja bei inayozidi pesa yote aliyobaki nayo yule mama kwa chakula cha wiki. Tukatembea mpaka barabarani, mimi na begi lake, yeye na mtoto, jua la saa nane. Nilikuwa nahesabu pumzi za mtoto njia nzima.

Mtoto alifika, akatibiwa, anatambaa sasa hivi. Lakini nisingependa mseme "Alhamdulillah" au "Bwana asifiwe" halafu tukaishia hapo. Ile kilomita moja haikupaswa kuwepo.

Sehemu ya 3

Tuje Dar, uwanja unaobeba wengi wetu. Hapa siongelei kisa changu tena, naongelea mpangilio ambao kila mtu anaweza kwenda kuuona.

Uwanja wa Julius Nyerere umepanuliwa kwa vipande. Jengo la Kwanza ni la enzi za ukoloni. Jengo la Pili lilianza kazi 1984. Miaka ikaenda, watu wakazidi, likaelemewa kabisa. Tarehe 1 Agosti 2019 Rais Magufuli akafungua Jengo la Tatu, uwezo wake abiria milioni 6 kwa mwaka. Safari za nje zikahamia huko, za ndani zikabaki Jengo la Pili. Hii ni hatua kubwa, tusibane sifa.

Na tusisahau waliolipa. Kuna familia za Kipawa na Kigilagila zilihamishwa kupisha upanuzi. Kipunguni habari ya fidia ilivutana miaka na miaka, watu wakashindwa hata kujenga choo kipya kwa sababu walikuwa wameambiwa watahama. Nyumba za watu zimeingia kwenye huu uwanja. Kwa hiyo mtu asiniambie uwanja ni wa wasafiri peke yao.

Sasa chukua mama anayetoka Mwanza kumpeleka mtoto India kwa matibabu. Ndege ya ndani inamshusha Jengo la Pili, ya nje inamsubiri Jengo la Tatu. Majengo haya hayashikani, ni ya kutoka nje, kuzunguka na kuingia upya. Yeye ana mtoto, ana mabegi mawili, ana bahasha ya picha za eksirei, na huenda ni mara yake ya kwanza kuingia uwanja wa ndege. Hapo katikati nani anambeba? Kwa bei gani? Saa nane usiku anamkuta wapi, na anamtambuaje asije akaingia gari la tapeli?

Mwenye gari lake hilo swali halimpiti hata kichwani. Ndiyo maana inabidi sisi tusio na magari tuliulize.

Sehemu ya 4

Tuongelee usafiri, maana hapa ndipo pananiuma zaidi.

Barabara ya Nyerere mnaijua. Septemba 2018 ilifunguliwa barabara ya juu pale TAZARA, ya Mfugale, na mwenye gari akapumua. Sawa. Mwendokasi awamu ya tatu, ya kutoka mjini mpaka Gongo la Mboto, njia yake inafuata barabara hiyohiyo, maana yake inapita jirani na uwanja. Hiyo ni bahati ambayo miji mingi inaitafuta kwa tochi. Lakini kituo kikiwa barabara kuu na mlango wa kuondokea uko ndani huko, tumefanya nini? Tumemleta mama mpaka getini, halafu tumemwachia bodaboda ambebe na mtoto mchanga na sanduku. Mimi ndiye ninayewapokea watoto wa bodaboda hospitalini, msiniombe nikubali hilo.

SGR je? Ilianza kubeba abiria Dar mpaka Morogoro Juni 2024, Julai ikafika Dodoma. Treni nzuri, nimepanda. Ukitoka stesheni ya Dar, kituo kinachofuata ni Pugu. Kituo cha uwanja wa ndege hakuna. Mtu wa Morogoro anafika Dar kwa starehe, halafu anaanza upya kutafuta jinsi ya kufika uwanjani.

Wenzetu wamefanyaje? London reli ya chini ya ardhi iliingia Heathrow 1977. Johannesburg, Juni 2010, siku chache kabla ya Kombe la Dunia, treni ya Gautrain ilianza kwenda uwanja wa O. R. Tambo, na stesheni imeshikana na jengo la abiria. Nauli ya kipande hicho ni kubwa, sitawadanganya, na mimi sitaki tuige nauli. Nataka tuige wazo kwamba kufika uwanjani ni sehemu ya uwanja, si shauri lako na Mungu wako.

Na si abiria tu. Nani anafagia ile sakafu inayong'aa? Nani anapika chai, anakagua mabegi, anasukuma viti mwendo? Wengi ni dada zetu, wana watoto wa kunyonyesha, na zamu inaisha usiku wa manane. Mimi pia natoka zamu saa hizo, najua kusimama kituoni peke yako na simu umeificha kwenye sidiria. Basi la uhakika la usiku lingewasaidia wao kila siku, kuliko sisi tunaosafiri mara moja kwa mwaka.

Sehemu ya 5

Najua mtakayonijibu, ngoja niyawahi.

"Ndege ni za matajiri, bora hizo pesa ziende wodi ya wazazi." Dada, wodi ya wazazi naitaka kuliko wewe, nimezalisha akina mama wawili kitanda kimoja. Lakini uwanja umeshajengwa kwa pesa ya umma, na kwenye kila tiketi kuna tozo ya huduma ya abiria. Mjomba aliyeuza mbuzi ameilipa. Akishalipa, ana haki ya kuuliza huduma yenyewe iko wapi. Na kwa mgonjwa wa Kigoma au Bukoba anayetakiwa Dar leo leo, ndege ndiyo gari lake la wagonjwa.

"Basi litawaua madereva wa teksi." Halitawaua. Mwenye haraka na mwenye pesa ataendelea kupanda teksi. Anayepanda basi ni yule ambaye leo anatembea mpaka barabarani, teksi haikuwahi kumpata.

"Hivyo vitu vidogo vitakuja baadaye." Hapa ndipo sikubali hata kidogo. Kwenye ujenzi, kisichokuwa kwenye ramani hakiji baadaye. Chumba kikishapangishwa duka la manukato, hakirudi kuwa cha kunyonyeshea. Njia ya basi ikishageuzwa maegesho, imekwenda.

Sehemu ya 6, ya mwisho

Kwa hiyo nadai nini? Nadai vitu vitano, na vyote vinasemeka kwa Kiswahili cha kawaida.

1. Basi la umma linalofika mlangoni pa majengo yote, nauli imeandikwa, kuanzia kabla ya ndege ya kwanza mpaka baada ya ndege ya mwisho. Liunganishwe na kituo cha mwendokasi.

2. Gari la bure kati ya Jengo la Pili na la Tatu, sakafu ya chini, la kuingia na kigari cha mtoto au kiti mwendo bila kubebwa kama gunia.

3. Chumba cha kunyonyeshea chenye kiti cha kuegemea, maji na mlango unaofunga. Kiwepo kabla ya ukaguzi, baada ya ukaguzi, na upande wa kufikia. Kubadilishia nepi kuwepo na choo cha wanaume pia, baba naye ana mikono.

4. Lifti inayofanya kazi, na karatasi ukutani inayoonyesha imekaguliwa lini.

5. Bango la bei za teksi, kubwa, pale mtu anapotokea.

Na msidhani nawasemea Dar tu. Dodoma kuna mradi wa uwanja mpya wa Msalato, na viwanja vya mikoani vinaendelea kukarabatiwa. Huko ndiko maneno haya yanafaa zaidi, kabla zege halijakauka. Mbunge wako akija kuongea maendeleo, usimuulize jengo litabeba abiria wangapi. Muulize mama mwenye mtoto wa miezi saba atafikaje pale bila gari, na ataketi wapi kumnyonyesha. Akikujibu kwa picha ya vioo, rudia swali.

Ukipita uwanjani wewe mwenyewe, tafuta sanduku la maoni uandike. Andika tarehe, saa na ulichokosa, matusi usiweke. Sisi hospitalini lawama ya jumla haitufikishi popote, lakini karatasi yenye tarehe na saa lazima mtu aijibu.

Mtumie hii mama mmoja anayetarajia kusafiri. Wiki ijayo tunarudi kwenye chanjo ya surua ya miezi tisa, andaeni kadi za kliniki na maswali. Mimi naenda kuvaa sare.