Usikomee kwa picha yenye duara jekundu

Kama unamaliza bando yako kutazama video za "kiumbe" kilichonaswa sayari ya Mirihi, hebu tuongee kidogo. Unazijua: picha ya jangwa, mshale, duara jekundu, kisha sauti nzito inadai NASA wanatuficha.

Wanaficha nini, jamani? Picha za roboti Curiosity, iliyotua 2012, na Perseverance, iliyotua Februari 2021, zinawekwa mtandaoni bure, zikiwa ghafi. Hakuna anayekuuliza cheti. Mimi niliyeacha chuo njiani nazifungua kwa simu iliyopasuka kioo, na ni picha zilezile anazotazama profesa.

Kwa hivyo sikuambii uache kutafuta. Tafuta! Ila tafuta kama mtu anayetaka jibu, si anayetaka wafuasi.

Ukiona kitu, uliza kwanza kina ukubwa gani. Ule "mlango" uliosumbua watu Mei 2022 ni ufa kwenye mwamba, kimo chake kama sentimita 30. Kuku angepita, wewe la. Halafu saka picha nyingine ya pahali palepale. "Uso" ulioonwa na Viking 1 mwaka wa 1976 ulisisimua watu miaka mingi. Kamera bora zilipopita hapo 1998 na 2001, kumbe ni kilima. Macho yetu hupenda nyuso bana, hata soketi ya stima tunaiona ikishangaa.

Kisa ninachokipenda ni cha roboti Opportunity, Januari 2014. Picha ya kwanza, mwamba mtupu. Siku 12 za Mirihi baadaye, pahali hapohapo pana kijiwe kama mandazi yenye jemu. Ati kimeota! Mtu mmoja Marekani alienda hadi kortini kutaka NASA ikichunguze zaidi. Wahandisi wakakagua njia ambayo roboti ilipitia, wakapata jibu: gurudumu lake lenyewe lilivunja jiwe na kurusha kipande.

Sasa, kitu ambacho wanasayansi wenyewe wamekichukulia kwa uzito hakina uso wala mlango. Julai 2024 Perseverance ilipiga picha jiwe walilolipa jina Cheyava Falls, lenye madoa madogo kama ya chui. Septemba 2025 utafiti ukachapishwa katika jarida la Nature: ndani ya madoa kuna dalili za madini ambayo hapa duniani mara nyingi huhusishwa na vijidudu. Wakasema "huenda", wakaishia hapo, kwa sababu kemia isiyo na uhai nayo yaweza kuyafanya.

Kipande cha jiwe hilo kimefungwa ndani ya mrija, huko huko Mirihi. Mpango wa kukileta duniani ulikwama kwa gharama, ambayo 2024 ilikadiriwa kufika dola bilioni 11. Ukitaka kupiga kelele mtandaoni, pigia hiyo: jiwe lipo, nauli hakuna.

Na ukipata bando leo usiku, tafuta picha za bonde la Neretva Vallis, jiwe lilikopatikana. Vuta karibu, polepole. Ukiwa mbali madoa huyaoni.