Leseni peke yake haileti jodari sokoni Moshi

Mkulima wa mpunga wa Rau hahitaji kufundishwa maana ya mali inayotembea. Mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi ulikamilika mwaka 1987 kwa ushirikiano na Japani, na mavuno yakapanda. Wakulima wa juu, walio nje ya mradi, walipoona faida nao wakafungua mifereji. Maji ya Mto Rau yakawa yanachukuliwa kabla hayajafika chini, na mradi ukashindwa kumwagilia eneo lake lote.

Samaki wa bahari kuu ni mali ya aina hiyo hiyo. Jodari, nduaro na sulisuli hufuata chakula na joto la maji. Miezi fulani meli huwafuata Mlango wa Msumbiji, miezi mingine upande wa Somalia. Katikati ya njia hiyo Tanzania ina eneo la uchumi la bahari linalofika maili 200 kutoka pwani, lenye ukubwa wa takriban kilometa za mraba 223,000. Samaki akivuka mpaka huo, anayefaidi ni mwingine.

Mvuvi wa Tanga au Pemba humtafuta jodari kwa macho. Hutazama ndege wanaopiga mbizi, maji yanayochemka kwa dagaa wanaokimbizwa, au gogo linaloelea, kisha hutupa mshipi. Kusi likivuma kwa nguvu, haendi mbali. Meli kubwa za nyavu kutoka Ulaya hazibahatishi. Hutawanya vyelezo vyenye maboya ya kielektroniki, na nahodha huletewa kwa setilaiti habari za kiasi cha samaki waliokusanyika chini yake. Kamisheni ya Jodari ya Bahari ya Hindi, ambayo Tanzania ni mwanachama tangu 2007, imelazimika kuweka kikomo cha maboya hayo kwa kila meli.

Kwa meli hizo Tanzania hutoza ada ya leseni kupitia Mamlaka ya Kusimamia Uvuvi wa Bahari Kuu, yenye makao Fumba, Zanzibar. Fedha hiyo si ya kubeza, ila ni sawa na kukodisha shamba na kumwachia mpangaji mpunga, mashine na pumba. Umma ulipata kuonja kilichomo mwaka 2009, meli ya Tawariq 1 ilipokamatwa na karibu tani 300 za samaki, wengi wakiwa jodari, na wananchi wakawaita samaki wa Magufuli kwa jina la waziri wa wakati ule. Kesi yenyewe haikuzaa matunda. Mahakama ya Rufani ilitengua hukumu mwaka 2014.

Wapo wanaosema dawa ni kukaza kamba. Tatizo ni kwamba meli nayo hutembea. Mrabaha wa dola 0.4 kwa kila kilo ulipowekwa miaka ya 2010, meli nyingi hazikukata leseni, na baadaye serikali ikauondoa. Sharti la kushusha samaki nchini litafuatwa pale tu bandari itakapokuwa na kina, mafuta, vyumba vya baridi na wanunuzi. Bandari ya uvuvi ya Kilwa Masoko, iliyowekewa jiwe la msingi Septemba 2023, ni hatua ya kweli, lakini Kilwa iko mbali mno na Kilimanjaro. Kwa soko la kaskazini, mitambo ya barafu Tanga na Pemba, pamoja na vyelezo vilivyotiwa nanga mahali boti ndogo za mashine zinapofika, vingeleta nafuu mapema zaidi.

Barafu si anasa. Jodari si perege wa Nyumba ya Mungu. Mwili wake una joto kuliko maji anamoogelea, na akikaa bila kupozwa, bakteria hutengeneza sumu iitwayo histamini. Kuchemsha, kukaanga wala kukausha kwa moshi hakuiondoi. Mlaji huwashwa, uso huiva, kichwa humgonga, na mchuuzi hupoteza wateja.

Kutoka Tanga hadi Moshi ni kiasi cha kilometa 350 za lami. Mchuuzi wa Mbuyuni anayepigiwa simu kwamba jodari yupo kwa bei nzuri aulize kwanza aliwekwa barafu saa ngapi. Wakiwa watano au sita wanaweza kuchangia kasha la baridi na gari moja, badala ya kila mmoja kupakia ndoo yake kwenye basi.