Ukiona chumba kinazunguka, muulize fizio kwanza

Niambie ukweli. Mzazi wako akisema "nasikia kizunguzungu", wewe humjibu nini? Ukiwa Bungoma utasema ni malaria. Ukiwa Kitale utasema ni presha, ama hajakula. Na kama kuna jirani mwenye mdomo, atakwambia kuna mtu. Mimi nimeyasema yote matatu kuhusu mathe wangu, na mara zote tatu nilikuwa nimekosea.

Mathe anauza mitumba Kitale. Mwaka jana boda aliyokuwa amepanda iliteleza, akaanguka na kugonga kichwa. Hakuzimia, hakuvunjika popote. Aliinuka, akapangusa rinda, akaenda kazi. Siku chache baadaye mambo yakaanza. Akijigeuza kitandani upande wa kulia, chumba kinazunguka kama zile pembea za shoo ya Kitale. Kinazunguka sekunde chache tu, halafu kinatulia. Akiinama kuokota nguo chini, tena. Akiangalia juu kuangika koti, tena.

Tulizunguka na sisi. Kituo cha kwanza walipima malaria, hawakuipata, wakampa dawa ya malaria. Cha pili wakampa tembe za kutuliza kizunguzungu, akashinda analala tu. Cha tatu wakasema apigwe picha ya kichwa, ikatoka safi. Hiyo picha nililipa mimi, na usisahau mimi ni yule msee aliyeacha chuo kwa sababu ya karo, kwa hivyo sikuwa na doo za kuchezea. Kufikia hapo mathe alikuwa analala ameketi, mito mitatu mgongoni, na kibanda kinafunguliwa siku mbili kwa wiki.

Aliyetuokoa ni binamu yangu wa Bungoma, aliyekuwa akitibiwa mgongo na fizio huko. Alituambia twende tujaribu. Mathe alifumba macho kwenye matatu kutoka Kiminini mpaka Webuye.

Yule fizio aliuliza swali ambalo hakuna mtu alikuwa ameuliza: "Mama, kinakushika ukifanya nini?" Akamketisha kitandani, akamgeuza kichwa kulia, akamlaza chali haraka, kichwa kikining'inia kidogo ukingoni. Mathe akapiga kelele. Fizio hata hakushtuka, alikuwa anamwangalia macho. Yalikuwa yanarukaruka. Kipimo hicho madaktari wawili, Dix na Hallpike, walikieleza mwaka 1952. Hakihitaji mashine wala stima. Kinahitaji kitanda na mtu anayejua anachotafuta.

Sasa nikueleze, maana mimi mwenyewe nilifikiri ni uchawi. Ndani ya sikio una vichembe vya chokaa, vidogo kuliko punje ya chumvi, vinavyosaidia mwili kujua uko wima au umelala. Ukigongwa kichwa, au umri ukisonga, au hata bila sababu, vingine vinabanduka na kuingia kwenye mifereji yenye maji inayopima mzunguko wa kichwa. Ukigeuka, vinasukuma yale maji, na ubongo unaambiwa unazunguka wakati umelala zako. Tembe haiwezi kuvitoa humo. Vinatolewa kwa kugeuza kichwa hatua kwa hatua, mpaka virudi vilikotoka. Fizio alimgeuza mathe kichwa upande wa pili, akangoja, akamlaza ubavu uso ukiangalia chini, akangoja, akamketisha. Haikumaliza robo saa. Njia hiyo ni ya John Epley, daktari wa Oregon, Marekani. Wenzake walimdharau miaka mingi kabla hajaichapisha mwaka 1992.

Si kila kizunguzungu ni hiki. Kuna cha sikio lililoumwa na virusi, ambacho fizio anakitibu kwa mazoezi: unakodolea kidole gumba macho huku ukitikisa kichwa, unajifunza kutembea upya. Mazoezi ya namna hiyo yalianza Uingereza miaka ya 1940. Tembe za kutuliza zinafaa siku za mwanzo ukiwa unatapika, lakini ukizimeza miezi na miezi unauzuia ubongo kujizoesha. Na kama kizunguzungu kimekuja na mdomo kupinda, mkono kulegea, ulimi kuwa mzito, kuona vitu viwili au kushindwa kabisa kusimama, wachana na fizio na wachana na mimi. Hiyo inaweza kuwa kiharusi, kimbia hospitali sasa hivi.

Malalamiko yangu ni haya. Mafizio tunao. Tuna hata sheria yao ya 2014 iliyounda baraza la kuwasajili. Lakini wanafungiwa chumba cha nyuma kabisa, na unapelekwa kwao ukiwa umevunjika mguu au umepooza. Afisa wa kliniki anayekuona kwanza ndiye anafaa kujua hicho kipimo cha kitanda, na kaunti zikitaka kuwafundisha hazihitaji tenda ya mashine. Najua foleni ni ndefu na wahudumu wamechoka. Bado, kumlaza mtu kitandani ni dakika moja. Picha ya kichwa ilinimaliza mwezi.

Na wewe usiende YouTube kumpindua nyanya yako shingo. Lazima mtu ajue ni sikio gani kwanza, na mwenye shida ya shingo anahitaji uangalifu. Tafuta fizio aliyesajiliwa, muulize leseni, haogopi kuulizwa.

Mathe alirudi kibandani wiki iyo hiyo. Miezi kadhaa baadaye kizunguzungu kilimrudia, na fizio alikuwa amemwonya kwamba huwa kinarudi. Jirani akaanza tena habari ya kuna mtu. Mathe akamwachia kibanda amlindie, akapanda matatu ya Bungoma.