Turubai lipo, viti vipo: maonesho yaje Manyamanyama

Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora jijini Dar es Salaam mwaka 1968, hakukuwa na utepe wa kukata wala mgeni rasmi wa kusubiriwa. Alitumia rangi ya mafuta, ile ile ya kupaka baiskeli, na vipande vya hadibodi. Humo akachora chui, ndege na viboko. Baadaye mkewe, Agatha Mataka, akawa anazipanga picha hizo nje ya Morogoro Stores, Oysterbay, na kuwauzia wazungu waliofika kununua mahitaji ya nyumbani. Hayo yalikuwa maonesho ya familia hasa: mume anachora, mke anauza. Ila yalifanyika mchana, juani, na hakuna aliyepewa juisi.

Habari ya Tingatinga husimuliwa mno kana kwamba alikuwa peke yake. Hakuwa. Aliwaita ndugu na vijana wa kwao kusini, akiwamo Simon Mpata na January Linda, wakakaa naye wakijifunza. Alipouawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972, akidhaniwa kuwa mhalifu, alikuwa amechora kwa takriban miaka minne tu. Mtindo wake haukuzikwa naye kwa sababu ulikwisha kuwa kazi ya ukoo. Mpata alikwenda kuchorea Kenya, na leo jina lake liko kwenye hoteli ya kifahari ya Maasai Mara, ng'ambo tu ya mpaka kutoka mkoani Mara.

Msanii George Lilanga naye alifika Nyumba ya Sanaa, kituo cha wasanii cha Dar es Salaam, kwa mlango wa ukoo. Mjomba wake, mchongaji Augustino Malaba, ndiye aliyemwingiza, na kazi aliyopewa mwanzoni ilikuwa ya ulinzi. Mwaka 1978 kazi za yule mlinzi zilioneshwa Washington.

Sasa mtu ahudhurie usiku wa ufunguzi wa maonesho ya sanaa siku hizi, kisha ahesabu ndugu wa msanii waliomo ukumbini. Mara nyingi shughuli huwa katika kituo cha utamaduni cha ubalozi fulani, au Masaki jijini Dar es Salaam, na kadi ya mwaliko imeandikwa kwa Kiingereza. Msanii amevaa shati jipya, anashikana mikono na watu asiowajua, huku shangazi aliyemlipia ada na kaka aliyemfundisha kushika brashi wakisubiri kutumiwa picha kwa simu. Vituo hivyo havina kosa. Bila vyenyewe wasanii wengi wasingepata ukuta wa kutundikia kazi zao. Kosa ni kuzoea kwamba ukuta hauwezi kupatikana kwingine.

Unaweza kupatikana Manyamanyama. Ni kata ya Bunda, mkoani Mara, katika mji ambao abiria wa Mwanza na Musoma huupita wakinunua maji na karanga dirishani. Wengi huijua kata hiyo kwa huduma za afya. Hakuna anayeshuka kwenye basi pale kwa ajili ya kutazama picha, na ukimwambia mtu kwamba pangefaa kwa uzinduzi wa maonesho, atacheka kwanza.

Lakini mwache acheke, kisha mpeleke kwenye sendofu Jumamosi yoyote ya mwezi wa saba. Kamati imekaa vikao miezi mitatu. Mweka hazina ana daftari la michango na hamsamehi mtu. Turubai limefungwa, viti vimepangwa, jenereta iko nyuma ya nyumba kwa hofu ya umeme kukatika, mpambaji ametandaza vitambaa vya rangi mbili zilizobishaniwa wiki nzima. MC anajua kuita wajomba kwa zamu, anajua nani atangulie na nani asipotajwa atanuna. Watu zaidi ya mia wanalishwa na kurudi makwao salama. Wenye uwezo huo wa kuandaa usiku mmoja wanashindwaje kutundika picha 20? (Na turubai lenyewe, kwa bahati njema, wachoraji nao wana la kwao la kuchorea, kwa jina hilo hilo.)

Wapo watakaosema watu wa huku hawanunui picha. Si kweli. Sebule nyingi za Bunda zina picha ya harusi ndani ya fremu, picha ya babu iliyokuzwa, kalenda ya kanisa na kitambaa kilichofumwa juu ya kochi. Fremu hiyo ililipiwa. Kinachokosekana ni mchoraji wa hapo hapo kuja na kazi yenye mambo ya hapo hapo: mawe ya Balili, mitumbwi ya ziwani, dagaa walioanikwa, mzee na litungu lake la nyuzi nane, ng'ombe wa mahari wakihesabiwa huku upande wa pili ukidai mmoja amekonda.

Mambo ya aina hiyo hayana udogo wowote. Sam Ntiro wa Machame alichora watu wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku, tukio la kawaida kabisa la kijijini. Mwaka 1960 picha hiyo ilinunuliwa na Jumba la Makumbusho ya Sanaa za Kisasa la New York. Elimo Njau, aliyechora habari za Yesu katika mandhari ya Kiafrika kwenye kanisa la Murang'a, Kenya, hakuridhika na kumbi za Kampala na Nairobi pekee. Miaka ya 1960 alianzisha Kibo Art Gallery kwao Marangu, mlimani Kilimanjaro, kati ya migomba.

Na mkoa wa Mara hauhitaji kwenda Kilimanjaro kutafuta mfano. Butiama ipo jirani. Makumbusho ya Mwalimu Nyerere yalifunguliwa mwaka 1999, mwaka ule ule aliofariki, katika kijiji alichozaliwa, karibu na makaburi ya familia yake. Humo mna vitu vyake na zawadi alizopewa na walimwengu, na wageni huzifuata huko huko kijijini.

Basi Halmashauri ya Mji wa Bunda itoe ukumbi au darasa wakati wa likizo, na Chuo cha Ualimu Bunda kilete wanachuo wake waone na waulize. Kadi iandikwe kwa Kiswahili, bei kwa shilingi, na picha ndogo ziwepo za mtu anayelipa kidogo kidogo. Familia ikae viti vya mbele. Mgeni rasmi akiwepo apewe dakika tano, kisha mama au shangazi wa msanii ndiye akate utepe. Na kama kuna mwenye ukumbi wa harusi Manyamanyama anayesoma haya, Jumatano ukumbi wake huwa mtupu: amwachie mchoraji siku hiyo moja, bure, halafu aone watu watakaoingia.