Kabla ya kuuza fahali kwa ajili ya usukani wa ndege

Mzazi mmoja wa Kasulu ameniletea swali ambalo katibu wa msikiti hulizwi kila siku. Kijana wake aliyemaliza kidato cha nne anataka usukani na pedali za kujifunzia urubani kwenye kompyuta, na baba yu tayari kuuza fahali ili avipate. Je, auze?

Kwa maoni yangu, asiuze kwa sasa. Kijana hana kosa. Amekua akiona ndege ndogo zikitua Kibondo na Kasulu na watumishi waliokuwa wakihudumia wakimbizi wa Nduta na Nyarugusu, na kutamani kazi ile ni jambo jema. Lakini baba alidhani kwamba saa za kwenye kompyuta zitahesabiwa katika leseni. Hazihesabiwi. Leseni hutolewa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, na kwa kipimo cha kimataifa rubani binafsi hutakiwa kuwa na walau saa 40 za kurusha ndege, na wa biashara 200, au 150 akisoma kwa mfululizo katika chuo kilichoidhinishwa. Simuleta inayohesabiwa ni ile iliyokaguliwa na mamlaka, si ya mezani sebuleni.

Hata hivyo, ya mezani ina faida. Humzoesha mwanafunzi kusoma vipimo, kufuata utaratibu, na kuzuia mkono usiwe na pupa. Kibodi haiwezi kumfundisha hilo la mwisho, kwani kitufe ama kimebonyezwa ama hakikubonyezwa, ilhali ndege hutaka kuguswa kidogo kidogo. Fimbo, yaani jostiki, hupeleka kipimo: ukiinamisha kidogo, ndege huitikia kidogo. Kwa hiyo fimbo ni ya lazima. Usukani unaweza kusubiri.

Wapo wanaosema ndege halisi zina usukani. Ni kweli kwa Cessna Caravan na kwa Dash 8 za Air Tanzania. Lakini Airbus A220 za shirika hilohilo huongozwa kwa fimbo fupi iliyo ubavuni mwa rubani, na abiria hufika salama.

Pedali huongoza usukani wa mkiani. Wanahistoria wamesimulia kuwa Abbas ibn Firnas wa Cordoba, katika karne ya 9, aliruka kwa mabawa akaumia mgongo wakati wa kutua kwa sababu hakujitengenezea mkia. Kwa hiyo sehemu hiyo isidharauliwe. Habari njema ni kwamba zipo fimbo zinazozungushwa kwa kifundo cha mkono, zikafanya kazi ya pedali. Chagua ya namna hiyo, yenye pia kishikizo cha nguvu ya injini kwenye kitako chake. Logitech Extreme 3D Pro ina vyote viwili, ila imechongwa kwa mkono wa kulia, na vipimio vyake vya ndani hufanya kazi kwa kusuguana. Baada ya muda huchakaa, na vumbi letu hili jekundu halivisaidii. Ndege ikaanza kutikisika bila ya mkono kusogea. Thrustmaster T.16000M hupima mwendo wa fimbo kwa sumaku, pasipo msuguano, na mwenye shoto naye huitumia bila ya taabu.

Ukinunua iliyotumika, usilipe kabla ya kuichomeka kwenye kompyuta. Fungua ukurasa wa kurekebisha fimbo, isogeze polepole hadi mwisho wa kila upande, kisha iachie. Alama ikirukaruka, au isiporudi katikati, mrudishie mwenyewe.

Programu isiwe sababu ya gharama nyingine. FlightGear ni ya bure, na ikishapakuliwa huendeshwa bila ya intaneti.

Ama fahali, abaki zizini hadi kijana apimwe na daktari anayetambuliwa na mamlaka ya anga: macho, kupambanua rangi, masikio, moyo. Rubani wa biashara hutakiwa cheti cha afya cha daraja la kwanza, na wako vijana ambao ndoto yao huishia mlangoni mwa daktari baada ya wazazi kutumia mamilioni. Akifaulu, baba na mwana waangalie alama za Hisabati na Fizikia, kisha waulize sifa za kujiunga katika Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, Mabibo, Dar es Salaam. Nauli ya safari hiyo haihitaji fahali mzima.