Visingizio vya Uwanjani

Mashindano ya UMITASHUMTA ya shule za msingi yakikaribia, au Mwenge wa Uhuru ukisubiriwa kupita wilayani Mbozi, watoto wa Igamba hukusanywa uwanjani kufanya mazoezi ya ngoma. Hapo ndipo huanza maneno ambayo wazazi na walimu wamerithishana bila kuyapima. Nimechagua machache. Ukiyachunguza, karibu yote yana kazi moja: kumpunguzia mtu mzima wajibu.

"Mtoto wa kijijini amezoea jembe, hana haja ya kupasha mwili moto."

Jembe linampa nguvu za mgongo na mikono. Halikifundishi kifundo cha mguu namna ya kutua baada ya kuruka. Na mtoto aliyeshinda shambani akichuma kahawa hafiki mazoezini akiwa amepashwa, anafika amechoka, pengine na njaa. Juni na Julai baridi ya Mbozi inauma na misuli imekaza. Mpiga ngoma analielewa jambo hili kuliko sisi: haipigi ngoma ambayo ngozi yake imepoa, huiweka kando ya moto mpaka iitike, na hakuna anayemlaumu kwamba anachelewesha shughuli. Mchezaji naye apewe dakika kumi. Watembee kwa mdundo, kisha hatua zilezile za ngoma zichezwe taratibu, kuruka kuje mwisho. Kule kukaa chini na kuvuta mguu kwa muda mrefu kunafaa zaidi baada ya mazoezi.

"Akiumia ndiyo anakomaa."

Dai hili limeharibu magoti mengi, nami sitalipita haraka. Maumivu hayafanani. Yapo yanayokuja kesho yake kwenye misuli ya miguu yote miwili, yakaisha baada ya siku mbili tatu. Hayo ni ya kawaida. Lakini maumivu ambayo mtoto anaweza kuyaonyesha kwa ncha ya kidole juu ya mfupa, yanayomfanya achechemee au yanayomwamsha usiku, ni ya kusimamisha mazoezi. Watoto wa miaka 10 hadi 14 hivi, wale wanaorefuka ghafla, mara nyingi hulalamikia uvimbe mdogo chini ya goti, pale kano inaposhika mfupa wa muundi. Huo si uvivu wala deko. Mpunguzie kuruka na kuchuchumaa mpaka maumivu yatulie, lakini usimfukuze kikundini: aimbe, apige makofi, ashike manyanga.

Kifundo kikiteguka, desturi yetu ni kuchemsha maji na kukanda, au kumwita mchuaji. Siku mbili za kwanza, joto na kuchua huzidisha uvimbe. Tumia kitambaa cha maji baridi, inua mguu, funga bandeji isiyobana mno. Mtoto asipoweza kukanyaga hata hatua nne, msingoje kuche. Apelekwe hospitali akapigwe picha. Kuhusu fimbo kwa aliyekosea hatua, nitasema hili tu: mtoto anayeitazama fimbo haisikii ngoma.

"Bila ukumbi na vioo hakuna mafunzo."

Huku ni kuitamani Dar es Salaam bila sababu. Udongo ni mpole kwa magoti kuliko saruji, kwa hiyo msiwahamishie watoto kwenye sakafu ya darasa kwa kuwa tu ni safi. Fagieni uwanja, ng'oeni mashina ya mabua, fukieni mashimo. Watoto wanacheza peku, basi ulizeni chanjo ya pepopunda. Kioo tunaweza kukikosa bila hasara, maana ngoma zetu nyingi ni za kuitikiana, na anayejitazama mwenyewe hamwoni mwenzake.

"Ngoma ya asili hurithiwa, haifundishwi."

Baada ya uhuru serikali iliunda kundi la Ngoma za Taifa, na vijana wake walifundishwa ngoma ambazo bibi zao hawakuwahi kuzicheza. Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanzishwa 1981 na ambacho sasa ni TaSUBa, kinaendelea na kazi hiyo. Mwaka 1965 vijana wa Kitanzania walipelekwa China kujifunza sarakasi. Waliporudi baada ya miaka minne, ndio waliokuwa kundi la taifa la mchezo huo. Hakuna kati yao aliyeurithi kwa babu.

Hata hivyo dai hili lina chembe ya ukweli. Mwalimu anayenakili bugobogobo ya Wasukuma kutoka kwenye simu, akaacha ngoma za Wanyiha wanaoishi jirani na shule, anawapa watoto hatua zisizo na maelezo. Amwendee mzee, kwa heshima na kwa posho, amwombe aeleze wimbo huimbwa lini na kwa nini. Awahi kabla ya msimu wa kahawa, maana wakati huo wazee hawapatikani.

"Ngoma ni uhuni."

Wanaosema hivi wengi wao Jumapili huyumba kwa mdundo wa kwaya, nao hawaiti uhuni. Ila hofu ya mzazi si ya kudharauliwa, kwa sababu hatari ipo. Tatizo ni kuitafuta kwenye kiuno cha mtoto wakati iko kwa mtu mzima. Mazoezi yafanyike mahali pa wazi, mzazi aingie wakati wowote bila kuomba ruhusa. Mwalimu akitaka kumrekebisha mtu bega au nyonga, aseme kwanza anagusa wapi, mbele ya wenzake. Asibaki na mtoto mmoja peke yake. Akiwakataza wazazi kutazama, mtoe mwanao siku hiyohiyo.

"Kwenye sherehe anakwenda kufurahi tu, si kazi."

Kikundi kikilipwa, mtoto yuko kazini. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na hairuhusu mtoto kufanyishwa kazi kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Harusi za Vwawa na Tunduma huchangamka saa hizohizo. Basi mazungumzo yaanze mapema: watoto wacheze mwanzoni, kabla ya chakula, na mshereheshaji ajulishwe. Katika daftari iandikwe malipo ni kiasi gani, nauli ya nani, kila mtoto anapata ngapi, tunzo zinazorushwa uwanjani zinagawanywaje, na mtu mzima yupi atawarudisha hadi mlangoni. Mzazi asaini. Mwenye sherehe akisema ratiba yake haibadiliki, akodi kikundi cha watu wazima.